Hostia Nyeupe

Sista Leokadia tulimzika Jumanne, kwenye makaburi ya masista yaliyo nyuma ya jiko la nyumba yetu ya Masisi, na kama angekuwa hai angelalamika kwamba tumechelewesha chakula cha watu. Mimi nilipewa kazi ya kupokea wageni mlangoni, na hapo ndipo nilipomwona Kavira akishuka garini, amevaa kitenge cheusi na viatu visivyofaa kabisa kwa matope yetu. Hatukuwa tumeonana kwa zaidi ya miaka ishirini. Mumewe ana duka na malori Butembo, naye amenenepa kama inavyompasa mke wa mfanyabiashara. Nilipomwambia hivyo alinishika mikono yote miwili akasema, "Na weye, masere, umekauka sawa samaki ya Walikale." Masere ndivyo watu wetu wanavyowaita masista. Tulicheka kwenye msiba, mama mkuu akatuonya kwa macho, tukainamisha vichwa kama enzi zile. Tangu siku hiyo mwaka wetu wa Walikale haujanitoka kichwani, na nimeona heri niuandike kabla nami sijalazwa nyuma ya jiko.

Mambo ya wazazi wangu na ya utoto wangu Nyabiondo nayaacha. Hayakuwa tofauti na ya wasichana wengine waliolima maharagwe mlimani na kwenda kanisani Jumapili. Ninachotaka kusimulia kinaanza siku niliyofika Walikale nikiwa na miaka kumi na tisa, nimeketi juu ya magunia ya viazi ndani ya lori, na sanduku la mbao magotini. Nilikuwa postulanti, yaani msichana anayekaa na masista mwaka mmoja ili wamtazame naye awatazame, kabla hawajaamua kama ataingia novisia au atarudi kwao. Kavira alikuwa amefika wiki moja kabla yangu. Tulikuwa wawili tu, na aliyekabidhiwa kutulea ni Sista Leokadia, mwanamke mfupi wa Karuba mwenye miguu ya mchunga ng'ombe, asiyepoteza maneno. Siku ya kwanza aliniita chumbani kwake akaniuliza, "Unakuja kufanya nini hapa?" Nilikuwa nimejizoeza jibu njia nzima. Nikasema, "Nataka kutoa maisha yangu kwa Mungu." Alinitazama kidogo. "Mungu iko na bantu mingi banamutolea maisha," akasema. "Unajua kupika?"

Nilijua kupika. Nadhani hilo ndilo nililojivunia kuliko sala zangu zote. Kwetu milimani msichana husifiwa kwa chungu chake, na kuna ujuzi ambao mama humfundisha binti bila kuutaja jina: namna ya kuongeza. Unga wa mahindi ukipungua unaongeza wa mtama, mtama ukipungua unaongeza muhogo, maharagwe yakiwa machache unaongeza majani, na mgeni anakula, anashiba, anaondoka bila kujua kitu. Mwanamke anayeacha mgeni aone sehemu ya chini ya kapu huyo ameaibisha nyumba nzima. Sikuwahi kusikia mtu akiuita udanganyifu. Tuliuita adabu, na mpaka leo nikitembelea nyumba ya watu na kuona chakula kimeongezwa vizuri, moyo wangu humsifu mpishi.

Nyumba yetu ya Walikale ilikuwa na vyumba sita vya matofali, bati juu, na msitu ukianza palepale ulipoishia uzio. Mimi mtu wa baridi nilidhani nitaoza. Shuka hazikukauka, viatu viliota ukungu mweupe chini ya kitanda, na maziwa, ambayo kwetu ni kama maji, sikuyaona tena. Tulikula bugali ya muhogo na sombe, yaani majani ya muhogo, bugali na samaki wa kukaushwa, bugali na ndizi za kuchoma, kisha tunaanza upya. Kavira, ambaye kwao walikula mkate na chai ya maziwa kila asubuhi, alikuwa akiuombea mkate huo kwa jina kwenye sala za jioni mpaka Sista Leokadia akamkataza. Kandokando ya jiko palikuwa na chumba kidogo cha dirisha moja ambacho tulikiita chumba cha hostia, yaani mikate ya Komunyo, na hicho ndicho nilichopewa mwezi wa tatu. Ndani yake palikuwa na mbabula, yaani jiko la makaa, ndoo ya maji, kopo la nta ya nyuki, na chuma cha kuokea: sahani mbili nzito zenye mikono mirefu, zinazofungana kama kitabu, upande mmoja umechongwa misalaba. Unapaka nta, unamwaga uji mwepesi wa ngano na maji, unafunga, unahesabu Salamu Maria mbili, unafungua. Mikate hiyo myembamba unaiacha usiku mzima kwenye kitambaa kibichi ilegee, halafu asubuhi unakata duara moja moja. Vipande vya kando tuliwapa watoto wa jirani, waliokuwa wamepanga foleni tangu walipoona moshi.

Ngano ilitoka Goma. Walikale hakuna ngano, na hata wenye mashamba makubwa hawakuwahi kuiona ikimea. Ilikuja kwa magunia madogo juu ya malori yaleyale yaliyoleta chumvi na sabuni, na lori likikwama, sala zetu zilikwama nalo. Mwanzoni mwa Kwaresima Sista Leokadia alikwenda Goma kutibiwa macho. Alisema atarudi baada ya wiki mbili. Kabla ya kupanda moto, yaani pikipiki, ya dereva wa parokia, aliniita kwenye chumba cha hostia, akafunua gunia, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko kupima kilichobaki. "Ngano ikiisha unaambia Padri," akasema. "Hapana Kavira, hapana jirani. Padri. Umesikia, Mapendo?" Nikasema nimesikia. Wiki mbili zikawa saba, maana mvua ilikata barabara, na pale mvua ilipopunguza, watu wenye bunduki wakaikata tena.

Jumamosi ya kabla ya Matawi nilikuwa na vikombe vinne vya ngano na Padri Anselmi alihitaji hostia za kanisa kubwa na za kapela tatu za msituni. Nilisimama mbele ya gunia lile kwa muda mrefu. Najua nilichofikiri, sihitaji kujifanya nimesahau. Nilifikiri: Sista atarudi aambiwe kwamba Mapendo alishindwa wiki ya Matawi. Nilifikiri Pasaka, watu wametembea kutwa nzima, wamevaa nguo zao nzuri, na Padri anawaambia warudi nyumbani bila kupokea kwa sababu msichana wa jikoni hana unga. Niliona sehemu ya chini ya kapu. Nikaenda jikoni nikachota unga wa muhogo, ule mzuri uliotwangwa mara mbili, na nikamwita Kavira anishikie chekeche. Kavira alikuwa mtoto wa duka, alijua unga kwa vidole. Alishika chekeche, akatazama unga ukishuka, akanitazama mimi. "Eh, Mapendo," akasema. Nikamwambia, "Ni ya kuongeza tu." Akaendelea kutikisa.

Siku ya Matawi ilikuwa nusu kwa nusu. Siku ya Pasaka ilikuwa kikombe kimoja cha ngano kwa vinne vya muhogo. Jumapili iliyofuata sitasema ilikuwa nini, maana gunia lilikuwa na vumbi tu. Jambo la ajabu ni kwamba zilitoka nzuri. Ngano yetu ilikuwa ya zamani, yenye rangi ya majivu, na hostia za Sista Leokadia zilikuwa hivyo pia. Zangu zilikuwa nyeupe na zilivunjika kwa mlio mkali ambao ulisikika mpaka viti vya nyuma. Baada ya Misa ya Pasaka Padri Anselmi alinipita uani akasema, "Mapendo, leo hostia ilikuwa nyeupe sawa ya Roma." Nilikula sifa hiyo kwa siku nne. Nilikuwa na furaha ya kweli, furaha ya mwanamke ambaye wageni wake wameondoka wameshiba.

Jumatatu ya Pasaka Padri alinipa heshima ambayo postulanti hapewi mara nyingi. Masista wakubwa walikuwa na homa, katekista alikuwa safarini, basi akanikabidhi kikasha kidogo cha Komunyo nimpelekee Koko Anastazia, bibi mzee wa kapela ya ng'ambo ya mto, aliyekuwa amelala wiki nzima bila kuinuka. Nilitembea bila kusema na mtu, kama tulivyofundishwa. Nyumba yake ilikuwa ya miti na udongo, giza ndani, na kulikuwa na harufu ya dawa ya majani. Binti yake, Mama Riziki, alimwinua akamweka kifuani pake kama mtoto. Nilisema maneno, bibi akasema Amina kwa sauti iliyokuwa kama pumzi tu, akafungua mdomo. Aliitafuna polepole sana. Siku ya Alhamisi akafa. Tulikwenda kwenye kilio, tukaketi kwenye mikeka pamoja na wanawake, na nikiwa pale nikasikia Mama Riziki akimweleza jirani kwa sauti ya chini: "Siku zile zote hakukula kitu. Maji alitapika, uji alitapika. Ile Komunyo tu njo ilikaa." Yule jirani akasema Mungu asifiwe. Mimi nilitazama miguu yangu. Hapo ndipo nilipojua nimefanya nini, na nilijua mara moja, mwili mzima, kama mtu anayekanyaga ngazi isiyokuwepo. Nilimpa bibi anayekufa kipande cha muhogo nikamwambia ni Mwili wa Kristo.

Hata hivyo sikusema. Ninapowaambia mapostulanti wangu wa leo habari hii, hapa ndipo wanaponishangaa. Nilikaa siku sita. Nilisali, nilifunga, niliosha sakafu ambazo hazikuwa chafu, Jumamosi nikaoka tena muhogo, nilifanya kila kitu isipokuwa kutembea hatua arobaini mpaka mlango wa Padri. Nilijua nikisema wataniambia nifunge sanduku langu. Nilikuwa nimewaambia watu wote wa Nyabiondo kwamba nakwenda kuwa sista, wakanichinjia mbuzi, na sikuwa na pengine pa kuweka maisha yangu. Nilimtaka Mungu, hilo sikudanganya. Ila nilitaka pia nionekane nikimtaka.

Sista Leokadia alirudi siku ya saba, nyuma ya moto, macho yake yamefungwa kwa miwani nyeusi, amekumbatia mfuko wa ngano kama mtoto mchanga. Mchana ule Padri Anselmi alikuja kula nasi ili kumkaribisha. Mimi na Kavira tulikuwa tukihudumia meza. Padri alikuwa mtu mwema aliyependa kutania, akasema, "Sista, ungebaki tu kule Goma. Wakati haukuwa hapa, hostia ilikuwa nyeupe kuliko ya kwako." Masista wakacheka. Sista Leokadia hakucheka. Alivua miwani, akanitazama kwa macho mekundu yaliyokuwa yakichuruzika, akauliza, "Nyeupe namna gani?" Nilikuwa nimeshika bakuli la sombe. Nikasema, "Niliongeza muhogo."

Padri aliweka kijiko chini. "Kiasi gani?"

"Matawi ilikuwa nusu. Pasaka, karibu yote. Jumapili ya nyuma, yote."

"Nani mwingine alijua?" akauliza Sista Leokadia.

Kavira alikuwa nyuma yangu na sufuria ya bugali. Nilisikia mvuke wake shingoni. Nikasema, "Unga ilikuwa yangu." Padri Anselmi aliinuka, akaenda kanisani kuziondoa zile zilizobaki kwenye tabenakulo, na aliporudi hakuwa mtu wa kutania tena. Alitueleza bila hasira. Kanisa linataka ngano. Penye muhogo mtupu hakuna Ekaristi, na penye mchanganyiko namna ile hakuna anayeweza kusema ipo. "Basi Pasaka hatukukuwa na Misa," akasema, nami naona mpaka leo jinsi alivyokaa akitazama mikono yake aliyokuwa ameinulia muhogo. Alisema yeye mwenyewe atawaeleza watu wa kanisa kubwa. Sista Leokadia akasema, "Na kapela tatu, Mapendo atasema." Padri akasema mtoto huyu ataaibika. "Njo vile," akasema Sista, yaani ndivyo hasa.

Nilikwenda Jumapili iliyofuata na mbili zilizofuata, Kavira akinisindikiza, katekista akitangulia. Kwenye kapela ya kwanza nilisema yote nikiwa nimesimama mbele ya madhabahu ya mianzi, na mzee mmoja akauliza, "Sasa ile Pasaka tuliimba bure?" Katekista akajibu kwamba sala haiendi bure, ila Misa haikuwepo. Mzee akafikiri. "Mungu iko nachagua unga?" akauliza, na wanawake wakaanza kucheka wakiwa wamefunika midomo. Katekista akaanzisha wimbo. Kwenye kapela ya pili mama mmoja alinifuata nje, akanipa mayai mawili, akaniambia hata yeye angefanya vile. Hilo liliniumiza kuliko kama angenitukana, kwa sababu nilijua ni kweli.

Ya tatu ilikuwa ng'ambo ya mto. Baada ya kusema kanisani nilimwomba Kavira abaki, nikaenda peke yangu mpaka kwa Mama Riziki, ambaye hakuwa amekuja kusali kwa sababu bado alikuwa kwenye maombolezo. Alikuwa akisonga bugali. Alinionyesha kiti kidogo, nikakataa kukaa.

"Mama Riziki, ile Komunyo nilileta kwa Koko," nikasema, "haikukuwa Komunyo. Ngano iliisha, nilifanya na muhogo. Nimekuja kukuambia."

Aliendelea kusonga. Nilidhani hakusikia, nikaanza kurudia.

"Nimesikia," akasema. Akaupindua mwiko. "Mama alifungua mudomo?"

"Ndiyo."

"Alisema Amina?"

"Alisema."

"Basi mama alipokea," akasema. "Weye njo haukutoa."

Halafu akaipakua bugali kwenye sahani, akaweka sombe kando, akanisogezea maji ya kunawa. "Kula. Njia iko mrefu." Nikakaa, nikala muhogo mbele yake mpaka sahani ikaisha, maana kukataa kungekuwa kosa la pili. Nililia baadaye, njiani, na Kavira akanishika mkono. Niliona aibu siku ile ambayo sijaiona tena, na nimeshafanya makosa makubwa kuliko lile. Padri Anselmi nilipomweleza maneno ya Mama Riziki alisema kuna vitabu vizima vimejaribu kusema hivyo.

Mwisho wa mwaka baraza la masista lilikaa. Sista Leokadia alituita wote wawili chumbani kwake asubuhi, kabla ya chai. "Kavira, unaingia novisia," akasema. "Mapendo, unarudia mwaka." Kavira alianza kulia kwa furaha, kisha akanitazama akaacha. Aliponiacha peke yangu na Sista nilimuuliza, na nilimuuliza kwa ukali, "Ni juu ya muhogo?"

"Hapana. Habari ya muhogo weye ulisema mwenyewe." Alikuwa akifuta macho yake, yaliyokuwa hayajapona na hayakupona kamwe. "Ni juu uliogopa tuone hauna kitu. Masere iko muntu hana kitu, na bantu bote banaona. Haujaweza bado."

Nilimchukia kwa miezi mitatu. Nasema hivyo wazi, nami nimemlilia Jumanne hii kuliko wengi waliomsifu kwa hotuba. Kavira alipanda lori kwenda Masisi na kitambaa kichwani, mimi nikabaki na mbabula, nta na chuma changu, na kila ngano ilipopungua nilikwenda kwa Padri, nikabisha hodi, nikasema, "Padri, ngano imekwisha." Jumapili zile watu waliimba, wakasoma, wakaomba, wakarudi nyumbani bila kupokea, na hakuna aliyenitupia jiwe. Mwaka wa pili ulipokwisha, Sista Leokadia hakuniita chumbani. Alinikuta nikikata hostia, akasema niandae sanduku, akatoka. Kavira alikwisha kuwa na nadhiri zake za kwanza nilipokuwa bado nakaribia zangu, na miaka michache baadaye, kabla ya nadhiri za daima, alitoka. Aliniandikia mistari miwili tu kunijulisha. Sikuwahi kumuuliza sababu.

Jumanne, baada ya maziko, tulipata pembe ya meza kwenye chumba cha kulia, wageni wakiwa wengi na sahani chache. Tulikula maharagwe na viazi vya Masisi. Kavira alizungumza juu ya watoto wake, juu ya barabara ya Butembo, juu ya goti lake. Kisha akawa anazungusha uma kwenye sahani.

"Siku ile haukunitaja," akasema.

"Unga ilikuwa yangu."

"Nilishika chekeche, Mapendo. Nilishika mara tatu."

Nilimwambia hayo ni ya zamani, ale chakula. Hakula. Akaniuliza, "Kama bangekupitisha ule mwaka, pamoja na mimi, ungekuwa masere leo?"

Ni swali ambalo mtu wa nadhiri hujibu kwa jina la Mungu na neema yake, nami nilikuwa na jibu hilo tayari. Lakini alikuwa Kavira, na aliyenilea alikuwa nyuma ya jiko chini ya udongo mbichi. Nikasema, "Hapana. Nafikiri ningetoka zamani."

Kavira alitikisa kichwa polepole, akitazama mikono yake minene yenye pete.

"Mimi balinipitisha," akasema.